Maua Nyuma ya Garaji ya Shefu Lumbwe

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya utafiti walininunulia keki, wakanipa na kalamu ndani ya kisanduku. Kalamu, kwa mtu aliyeacha shule darasa la tano kule karibu na Mulungwishi. Mmoja wao, yule anayerusha kidege cha kamera, akasema: "Papa Kalaba, utuandikie basi namna mulikuwa munatafuta shaba zamani." Nikamjibu kwamba tulitafuta kwa miguu na kwa maua. Wakacheka wote, wakidhani mzee anatania.

Basi naandika. Na kama yuko mtu atakayechukia kukuta jina lake humu, achukie. Amekuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kunishitaki, hakunishitaki, na sababu anaijua.

Siku yangu ya kwanza nilifika kazini na buti mpya za Kampuni, nikatembea kama mtu aliyenunua barabara. Lori lilitushusha chini ya kilima cha Mukumbi, nje ya Likasi, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza kuchoka. Mkubwa wa timu yetu ya watu kumi na wawili aliitwa Mzee Mwepu. Mtu mfupi, kikohozi cha vumbi kifuani, ufunguo wa depo, ghala letu la sampuli, umening'inia shingoni kwa kamba. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu.

"Vua."

"Nivue nini, tata?"

"Buti. Unataka kupanda mulima ya watu na matope ya Kikula, ya mujini?"

Nikavua, nikabaki na soksi yenye tundu, wenzangu wakinicheka. Mwepu akanionyesha: unashika buti mbili, unazipiga moja kwa nyingine, soli kwa soli, mpaka vumbi liishe kutoka. Tulifanya hivyo kabla ya kupanda, na tulipotelemka jioni tukafanya tena. Nilifikiri ni dawa za kienyeji. Nilimwambia jirani yangu kwamba huyu mzee anaogopa mizimu. Mwepu akasikia.

"Mizimu haina kazi na weye," akasema. "Angalia mulima. Unaona nini?"

"Majani tu, tata. Na maua."

"Miti iko wapi?"

Nikatazama vizuri. Chini yetu msitu ulikuwa mzito, miti imesongamana. Kilima chenyewe kilikuwa na upara. Hakuna mti hata mmoja, na juu ya ule upara maua yamejaa, ya buluu iliyochanganyika na zambarau, mafupi, kichwa kama kifundo cha uzi. Pembeni yake yalikuwako mengine ya manjano. Mwepu akanieleza kwamba shaba ni sumu, mti ukiila unakufa, lakini yako maua machache yaliyozoea kuila. Lile la buluu linapenda shaba. Lile la manjano likionekana, ujue kobalti haiko mbali. Wazungu walikuta babu zetu wanalijua hilo, wakaliandika kwenye vitabu kwamba wamevumbua.

"Sasa mbegu yake ni ndogo kama ugoro," akaendelea. "Ukiibeba ku buti, ikaota mahali weye umeipeleka, mukubwa ataandika ku ramani: hapa kuna shaba. Mashine zitakuja, zitachimba, na chini ni udongo wa muhogo. Ua njo shahidi yetu. Usimufundishe kusema uongo."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Vyombo vyake vilikuwa panga, dira ya shaba yenye kioo kilichopasuka, kamba yenye fundo kila hatua kumi, na mbao mbili za kubania maua. Ua unalichuma na mzizi wake, unalilaza katikati ya gazeti, unabana, linakauka. Gazeti la zile siku lilikuwa na hotuba za Rais ukurasa hadi ukurasa, na nasema kwa haki kwamba zilikausha maua vizuri sana. Zilikuwa kavu tayari. Nilijifunza pia majira. Mwezi wa tisa, moto wa pori ukishapita na ardhi ikiwa nyeusi kama chungu, kuna maua yanayotoboa majivu kabla ya tone la kwanza la mvua. Yale tuliyaacha, ni mazuri lakini hayashuhudii kitu. Letu lilikuwa la mwisho wa mvua. Miezi miwili tunatembea kutoka kilima hadi kilima, tunalala kwenye hema, tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, na Mwepu anahesabu mafundo kimoyomoyo, ukimwita anakasirika.

Baadaye tukaletewa Shefu Lumbwe Kapota. Naliandika jina lote. Alikuwa na diploma kubwa, na alikuwa mkubwa wa utafiti wa Kampuni katika Likasi nzima. Chini ya meza yake zilikaa buti za porini, safi, na katika miaka kumi na moja aliyotuongoza sikuziona zikibadilisha rangi. Kilima alikijua kwa dirisha. Lakini ua letu alilipenda sana kwenye karatasi. Alikuwa na jina lake la Kilatini, refu kama treni, na katika kila ripoti alilipitisha lote, behewa kwa behewa. Tulimpelekea maua makavu ndani ya gazeti, ya kahawia, yamebanwa kama mende aliyekanyagwa. Alifungua gazeti, akatikisa kichwa kama daktari, akafunga. Likumbukeni hilo. Shefu wetu alilijua ua likiwa maiti.

Ikaja miaka ya tisini na mambo yakabomoka. Basoda, askari wa jeshi, walipopora mji walibeba hata milango ya depo ya vyombo, ile iliyokuwa imefungwa ili wasiingie. Kisha ukaja wakati ule wenzetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, wakalala kwenye stesheni na magodoro yao wakingoja treni. Timu ya watu kumi na wawili ikabaki ya watano. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Hata mimi sikuuliza. Lori letu nalo likafa kwa vipande: gurudumu la akiba likaondoka kwanza, kisha yale mengine yakatoka kwenda kulitafuta.

Kitu kimoja tu kilibaki na thamani, nacho ni mifuko arobaini ya jiwe jeusi, kobalti nzuri, tuliyoichimba wenyewe pale juu ya Mukumbi pamoja na udongo wake, kwa ajili ya kupima. Ilikaa kwenye depo ya sampuli, ndani ya mifuko ya katani iliyokwisha kuoza. Wakati ule jiwe jeusi lilikuwa na miguu, kila usiku lilijua njia ya kwenda Zambia. Asubuhi moja ya kiangazi tukakuta depo tupu. Kufuli zima, halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili: mmoja shingoni kwa Mwepu, mwingine katika mtoto wa meza ya Shefu Lumbwe. Polisi walikwenda shingoni.

Sasa nifike kwenye langu, maana nimesema nitataja wenye makosa. Siku ya pili Lumbwe akaniita ofisini. Karatasi iko mezani, imepigwa mashine, Kifaransa kitupu.

"Kalaba, Mwepu alikuwa na ufunguo, si kweli?"

"Ni kweli, Shefu."

"Njo hiyo tu imeandikwa. Tia sahihi hapa."

Kulikuwa na soda juu ya meza, baridi, amenifungulia. Nikatia sahihi. Wiki mbili baadaye yule mama aliyepiga ile mashine akanisomea kwa Kiswahili nilichosaini: kwamba mimi Kalaba, mfanyakazi wa timu, ninajua kwamba ufunguo ulikuwa mmoja tu. Nilijua ulikuwako wa pili. Timu nzima ilijua. Mwepu akapelekwa gereza la Buluo kwa sahihi yangu, na ladha ya ile soda ninayo bado.

Mkewe, Mama Fola, alikuwa na miguu mibovu, hakuweza mwendo wa Buluo. Alinipa sahani mimi. Kila Jumapili nilibeba bukari na samaki kwa mume wake niliyemfunga mimi, na yeye ananishukuru mlangoni: "Mungu akuweke, Kalaba, weye njo mutoto wetu." Na kila Jumapili nilimkuta Mwepu shati limemzidi zaidi, kikohozi kimeshuka chini zaidi. Muuguzi wa pale aliniambia waziwazi kwamba kifua kile hakitamaliza kiangazi kingine ndani. Nilihesabu miezi kwa vidole. Kila mara nilitaka kumwambia habari za karatasi. Nilimwambia habari za mvua.

Sisi wanne wa utafiti tulikuwa hatuna lori wala hema, na Lumbwe hakupenda kutuona tumekaa. Mwezi wa nne akatutuma tukakate majani kwenye lupango lake, nyumba ya Kampuni yenye ukuta na mlinzi. Kabla ya hapo hakuna mfanyakazi aliyevuka lango lile. Barua tuliachia nje. Hivyo ndivyo idara ya utafiti wa madini ilivyokwenda kutafiti bustani ya mkubwa wake. Pale langoni nikavua buti, nikazikung'uta. Mlinzi akaniuliza kama ninaingia msikitini. Mazoea tu.

Nikazunguka nyuma ya garaji na panga langu, nikasimama.

Ua la buluu. Limechanua lote, limejaa, na katikati yake lile la manjano. Majani ya kawaida yamekufa, udongo una vumbi la kijani na vipande vyeusi. Na kingo zake zimenyooka. Nimeona vilima vingi, sijaona kilima kilichokatwa kwa rula. Ilikuwa mstatili, ukubwa wa mifuko arobaini iliyopangwa vizuri, na kutoka pale mstari mwembamba wa maua umekwenda moja kwa moja mpaka mlango wa garaji, mahali mifuko mibovu ilipoburutwa.

"Weye! Usikate ile!"

Alikuwa Madame Lumbwe, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na mkasi mkononi.

"Samahani, Madame. Nani alipanda?"

"Mungu. Minye niliomba bustani, miaka yote ni majani tu. Mwaka huu Mungu amejibu. Kila Jumapili napeleka kwa meza ya pasta, bantu wote banauliza nimetoa wapi. Hata mume yangu anasema ni mazuri."

"Shefu ameyaona?"

"Anakunywa chai hapa kila siku!"

Nikajifanya ninakohoa. Mkubwa wa utafiti wa shaba alikuwa anakunywa chai mbele ya ushahidi, anausifu. Ua lilikuwa hai, lina rangi, halina gazeti. Angelijuaje?

Jumapili ile nilipeleka sahani Buluo na ua moja ndani ya gazeti. Mwepu akalifungua, akalinusa, akatazama mzizi. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Ulikung'uta buti mbele ya kuingia?"

"Kwa lango, tata."

"Kingo?"

"Zimenyooka."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkunja, na mlinzi akatugeukia. Alipopata pumzi akasema: "Miaka kumi na moja ananisahihisha jina ya Kilatini."

"Nitaenda polisi, tata. Leo."

"Utaenda na nini? Weye ni mukata-majani, yeye ni shefu. Ukimushitaki, banasema uko na kinyongo. Pima. Fanya kazi yako. Andika ripoti. Ripoti haina kinyongo."

Nikapima. Nilikata majani siku tatu pale, polepole kama mtu mgonjwa, kamba ya Mwepu ndani ya shati. Nikatia udongo kwenye kopo la maziwa. Nikaandika kwa mkono wangu, Kiswahili na yale maneno ya Kifaransa niliyozoea kuyaona kwa Lumbwe: mahali, urefu, upana, maua ya buluu mengi, maua ya manjano kiasi, miti hakuna. Sikuandika wizi popote. Nilidhani unaonekana wenyewe.

Wakati ule Lubumbashi walikuwa wametuma Inspekta Nsenga aje kuona kama idara yetu ingali hai. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na alihitaji habari njema kuliko chakula. Nikamngoja nje ya ofisi, nikampa ripoti na kopo. Akasoma amesimama. Akasoma tena. Macho yakamtoka.

Mimi nilipima wizi, yeye alisoma utajiri.

"Shaba na kobalti katikati ya mji!" akasema. "Na hakuna aliyeniambia!"

Kesho yake akafika kwa Lumbwe na wachimbaji sita, sururu begani, na sisi wanne tukiwa na kamba. Alitaka mtaro wa kuanzia, mita mbili kwenda chini, kutoka kwenye maua mpaka ukutani. Tukavuta kamba. Mstari ukapita katikati ya jiko la nje la Madame, na ukuta wa garaji ukawa na bahati mbaya. Naapa sikuielekeza mimi. Labda kidogo.

Lumbwe akatoka na suruali ya nyumbani. "Inspekta, kuna nini? Hapa hakuna kitu."

"Shefu, una anomali kubwa, dalili ya madini, nyuma ya garaji yako. Tazama hilo ua!"

Lumbwe akalitazama. Inspekta akataja jina la Kilatini, treni nzima. Hapo ndipo nilipoona jina na ua vikikutana ndani ya kichwa cha mtu mara ya kwanza. Rangi ilimtoka kuanzia masikioni.

"Ni... ni buti za hawa watu," akasema. "Zimeleta mbegu. Mbegu inashika kwa buti, ni jambo linajulikana."

Nikasema: "Shefu, tumeingia hapa juma lililopita. Ua halioti na kuchanua kwa juma moja. Na buti nilikung'uta. Mulinzi yako aliniona."

"Ni kweli," mlinzi akaitikia toka langoni. "Nilimucheka."

"Chimbeni," Inspekta akasema.

Sururu ya kwanza ikapiga ukuta wa jiko. Madame akatoka mbio, sufuria mkononi.

"Jiko yangu! Lumbwe, na weye unaangalia tu? Baambie haiko kitu chini!"

"Nimewaambia, mama. Nyamaza."

"Haujabaambia! Baba Inspekta, hapa hapakuwako na maua hata moja. Yamekuja kisha ile mifuko yake kutoka. Mungu alipanda mahali mifuko ililala!"

Kila mtu akasimama. Sururu moja ilibaki juu.

"Mifuko gani, Madame?" akauliza Inspekta, taratibu sana.

"Mama, nyamaza!"

"Sinyamaze! Minye niliokoka, sisemi uongo. Ile arobaini ya jiwe nyeusi, ilikaa hapa miezi mbili, kisha lori ikakuja kuibeba."

Walichimba hata hivyo. Inspekta hakutaka kuachana na habari njema upesi. Wakakuta udongo wa muhogo, na bomba la maji, ambalo walilipasua.

Mnangoja niwaambie Lumbwe alifungwa. Alihamishiwa Lubumbashi, ofisi yenye zulia, akapewa kazi ya kusimamia usalama wa mali ya Kampuni. Sitanii. Inspekta Nsenga ndiye aliyetia sahihi uhamisho, na sitaki kujua walizungumza nini ndani ya gari. Faili ya Mwepu nayo ikaandikwa upya: alikuwa ndani kwa sababu ya kosa la maandishi. Miezi tisa. Niliposomewa neno lile sikuweza kucheka, maana maandishi yalikuwa yangu.

Walimfungua siku ya kazi, saa nne asubuhi. Mama Fola alinituma na shati safi. Mwepu alitoka amevaa ndala za plastiki, shingo tupu, kamba ya ufunguo haiko, mifupa imehesabika. Nilipanga maneno njia nzima, na nilipomwona yakaja yote kwa mkupuo.

"Tata, ile karatasi ya ufunguo moja. Ni minye nilisaini."

"Najua. Balinisomea siku ya kwanza ya Buluo. Jina yako ilikuwa chini."

Siku ya kwanza. Jumapili zote zile, bukari yote ile, alikuwa anajua. Alikula, alinifundisha kupima, alinituma, na alikuwa anajua.

Tulipofika mahali uwanja wa gereza unapokutana na barabara, akasimama. Akainama kwa shida, akavua ndala, akazishika mbili, akazipiga moja kwa nyingine, soli kwa soli, mpaka vumbi likaisha. Nikamngoja avae. Hakuvaa. Alinitazama miguu, kama ile siku ya kwanza pale chini ya Mukumbi.

"Na weye," akasema.

Nikakaa chini kando ya barabara, watu wakipita na baiskeli zao za makaa, nikavua buti. Nikazipiga. Nikapiga mpaka vumbi likaisha, nikaendelea kupiga mpaka mikono ikachoka. Alibaki pale amesimama na ndala mkononi, na hakuniambia kama inatosha.